Diski Mbili na Siri ya Nyumba Yetu



Huenda baadhi yenu mkastaajabu kwamba aliyezoea kuwaandikieni habari za mirathi, malezi na adabu za nyumbani, wiki hii amekuja na habari za sinema. Hatuwalaumu. Sisi wenyewe tulisitasita kabla ya kushika kalamu. Lakini lililotufika nyumbani mwaka huu lilifunguka kwa sababu ya diski mbili tulizozinunua, na hatukuona njia ya kulieleza bila ya kuanzia hapo. Mama wa watoto wetu ameisoma makala hii kabla yenu na ameturuhusu. Mwanetu pia ameisoma, akatutaka tuondoe jambo moja, nasi tumeliondoa.

Tulipokuwa na umri wa miaka 15, tukisoma chuoni asubuhi na jioni, ami yetu alirudi kutoka Ghuba na mashine ya video, ya mwanzo katika mtaa wetu. Usiku mmoja, wakubwa walipokwisha kulala, sisi na binamu zetu tulitia kanda ambayo hata jina lake hatukulijua. Ilikuwa filamu ya ajabu. Zaidi ya dakika 20 zilipita bila ya mtu kutamka neno. Kisha tukaona chombo kirefu cheupe kikienda polepole katika giza la anga, na ndani yake mna kompyuta yenye jicho jekundu na sauti ya upole, kama ya mwalimu mwenye subira. Mwanaanga mmoja alikuwa nje ya chombo, ndani ya kijichombo kidogo, amemshikilia mwenzake aliyekufa. Akaiamuru kompyuta imfungulie mlango. Kompyuta, kwa upole ule ule, ikakataa.

Hapo umeme ukakatika. Asubuhi yake marehemu baba yetu alikwisha pata habari, na bakora tatu zikawa ndiyo tamati ya video kwetu. Hatumlaumu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Lakini tumeishi na mlango ule uliofungwa kwa karibu miaka arubaini. Tumesoma, tumefundisha, tumeoa, tumezaa, na bado kila mara swali lilirudi: kwa nini ile mashine ilikataa? Haikuonekana kuwa na hasira wala uadui. Ilikuwa imefanya nini hata ikafika pale?

Mwezi wa Februari mwaka huu, tukipita katika duka moja la vitu vilivyotumika mjini Mombasa, tuliona katika kisanduku cha diski picha ya jicho lile lile jekundu. Jina la filamu ni 2001: A Space Odyssey. Ilitolewa mwaka 1968, mwaka mmoja na zaidi kabla ya binadamu kukanyaga mwezi. Mwongozaji wake ni Stanley Kubrick, na aliyeshirikiana naye kuitunga ni Arthur C. Clarke, Mwingereza aliyehamia Sri Lanka na kuishi huko mpaka alipofariki mwaka 2008. Huyu Clarke ndiye aliyeandika mwaka 1945 kwamba chombo kikiwekwa juu ya ikweta, kiasi cha kilomita 36,000 kutoka ardhini, kitazunguka sambamba na dunia na kuonekana kimesimama mahali pamoja, na kwacho habari zitaweza kurushwa duniani kote. Madishi yaliyo juu ya mapaa yetu, ambayo kwayo tunaiona Makka tukiwa sebuleni, yanaelekezwa kwenye vyombo vya namna hiyo.

Wala mambo ya anga si mageni kwa pwani yetu. Wazee wa Malindi wanakumbuka roketi zilizorushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimamishwa baharini. Tarehe 12 Disemba 1970 ilirushwa hapo setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Basi asituone mtu tumekwenda kuokota jambo la mbali mno.

Mwenye duka alitaka shilingi 800. Kijana aliyekuwa kando akatuambia kwa heshima, "Shekhe, nakala ya hiyo utaipata barabarani kwa hamsini." Tulimshukuru, tukalipa mia nane. Mwaka 1988 wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa walipokutana Kuwait walikubaliana kwamba haki za mtunzi na za mvumbuzi ni haki zinazolindwa na sheria ya dini, wala haifai kuzivamia. Sheria yetu ya Kenya ya hakimiliki, ambayo nayo kwa sadfa ni ya mwaka 2001, inasema hivyo hivyo. Tunalitaja hili kwa sababu wengi wetu tunaochelea kuokota shilingi ya mtu njiani, kanda na vitabu vya watu tunavinakili bila ya kufikiri.

Mwenye duka alitujulisha pia kwamba filamu ile ina mwendelezo, uitwao 2010, uliotolewa mwaka 1984 na kuongozwa na Peter Hyams. Hakuwa nao. Tukamwagiza shemeji yetu aishiye Toronto, akaununua na kuutuma kwa mkono wa msafiri.

Sasa inatupasa tueleze hali ya nyumba yetu wakati huo.

Mwezi wa Machi mama wa watoto wetu aliona uvimbe kwenye titi. Alipimwa, na majibu yakawa ni yale ambayo hakuna mtu anayetaka kuyasikia. Mwezi wa Mei alipasuliwa, kisha akaanza dawa za kutiwa mishipani kila baada ya wiki tatu. Binti yetu yuko kidato cha nne katika shule ya bweni, na mwaka huu ndio mwaka wa mtihani wake. Tulikaa, sisi na mama yake, tukaona kwamba akijua hatasoma. Tukakata shauri asiambiwe mpaka amalize.

Lakini mwanetu, mwenye miaka 14, hakukuwa na njia ya kumficha. Yeye ndiye aliyekuwa akimshika mkono mama yake kwenda na kurudi hospitali siku ambazo sisi tulikuwa darasani. Basi tulimwita, tukamkalisha, tukamwambia maneno haya: "Dada yako akipiga simu na akikuuliza, sema mama hajambo. Ikibidi, sema ana upungufu wa damu. Hii ni amana." Tulitumia neno amana. Mtoto akaitikia, "Naam, Baba."

Tulijiona tumefanya la busara. Tulijikumbusha kwamba kusitiri si kusema uongo, na kwamba wanavyuoni wametaja hali ambazo mtu huruhusiwa kutumia neno lenye maana mbili. Yote hayo ni kweli, na yana mahali pake vitabuni. Ila sisi hatukuyatafuta ili tujue haki iko wapi. Tuliyatafuta ili tupate kulala.

Mwezi wa Juni binti yetu alikuja nyumbani kwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Nywele za mama yake zilikuwa zimekatika, naye akawa anashinda na mtandio kichwani hata ndani ya nyumba, hata jikoni, katika joto letu la Mombasa. Binti alimtazama mama yake, akamtazama ndugu yake. Tuliona. Usiku tulimsikia akimuuliza ndugu yake uani, "Mama ana nini?" Na tukamsikia mwanetu akijibu, "Hana kitu. Damu tu ni chache." Sauti yake ilikuwa tulivu kabisa. Tulifurahi moyoni kwamba anajua kutunza siri. Mwenyezi Mungu atusamehe furaha ile.

Baada ya hapo mtoto alianza kubadilika. Alikuwa amekwisha hifadhi juzuu saba, na mwalimu wake hakupata kumrudisha zaidi ya mara moja katika ukurasa. Sasa hakuweza kusoma ukurasa mmoja bila ya kupotea. Shuleni alipigana, jambo ambalo hakulifanya maisha yake yote. Nyumbani alianza kusema uongo katika vitu visivyo na maana: amekula naye hajala, ameoga naye hajaoga, amesali na msala bado umekunjwa. Tulimkemea. Tulimwambia kwamba hatukumlea hivyo. Hakujibu neno, akatutazama tu.

Katika hali hiyo tulifikiri kwamba labda tukikaa naye jambo lingetengemaa. Usiku mmoja wa mwezi wa Julai tukaitoa ile diski ya kwanza. Kabla ya kuitia tulimwambia wazi kwamba mwanzo wake unaonyesha asili ya binadamu kinyume cha itikadi yetu, na kwamba tunaitazama kama hadithi iliyobuniwa na watu. Akasema, "Najua, Baba." Mama yake aliketi nasi, miguu juu ya mto.

Tulipofika penye mlango, moyo ulitudunda kama wa mtoto. Safari hii umeme haukukatika. Tuliona kwamba kompyuta ile, iitwayo HAL, ilisifika kuwa haijapata kukosea. Kisha ikatoa taarifa kwamba kifaa fulani cha mawasiliano kitaharibika, nacho kilikuwa kizima. Wanaanga wawili wakaingiwa na shaka, wakajifungia ili washauriane kuizima; nayo, isiposikia sauti zao, ikasoma midomo yao kupitia dirishani. Ikamuua mmoja nje ya chombo, na wengine watatu waliokuwa wamelazwa usingizi mrefu ikawakatia uhai. Yule aliyefungiwa mlango, Bowman, aliingia kwa mlango wa dharura bila ya kofia yake ya anga, akaenda kuchomoa kumbukumbu za kompyuta moja baada ya moja, nayo ikimsihi na kumwambia kwamba inaogopa. Ilipozimika ndipo ukajifungua ujumbe uliorekodiwa zamani: lengo la kweli la safari ya kwenda sayari ya Mshtarii lilikuwa siri, na kati ya wote waliokuwa macho chomboni aliyelijua ni kompyuta peke yake.

Baada ya hapo filamu inaingia katika mambo yasiyofahamika kwa urahisi, na haielezi kwa nini kompyuta ilifanya iliyoyafanya. Mwanetu akauliza, "Sasa ilikuwa mbaya tangu mwanzo, au iliharibika?" Tukamwambia hatujui, pengine filamu ya pili itasema.

Filamu ya pili ikawasili mwanzo wa Agosti. Tukaitia katika deki yetu, nayo ikatuandikia kwenye runinga kwamba diski hii haiwezi kuchezwa katika eneo letu. Jambo hili wengi hawalijui, basi tulieleze. Makampuni ya filamu yaliigawa dunia katika maeneo, na kila diski hutiwa alama ya eneo lake. Marekani na Kanada ni eneo la 1. Ulaya Magharibi na nchi za Ghuba ni la 2. Sehemu kubwa ya Afrika, ikiwemo Kenya, pamoja na Bara Hindi na Urusi, ni eneo la 5. Alama hiyo huonyeshwa nyuma ya jalada kwa picha ndogo ya dunia yenye tarakimu ndani yake. Mwenye kununua diski kutoka ng'ambo, au kumwagiza jamaa yake, na aitazame tarakimu hiyo kwanza.

Tulikuwa karibu kuirudisha kwenye jalada. Mwanetu akachukua rimoti, akabonyeza hapa na pale katika orodha ya mipangilio, akaigeuza deki ikubali maeneo yote. Deki nyingi za bei nafuu hukubali kugeuzwa hivyo. Hatukuona kwamba tumemdhulumu mtu, kwa kuwa bei yake tumeilipa. Akatuambia, "Ilikuwa inakataa kwa sababu imeambiwa ikatae, Baba. Yenyewe inaweza." Tukacheka. Tulikuwa hatujui bado tunacheka nini.

Katika filamu ya pili, Wamarekani na Warusi wanasafiri pamoja katika chombo kimoja cha Warusi, ilhali serikali zao huku duniani zimekaribia kupigana vita. Pamoja nao yumo Daktari Chandra, aliyeitengeneza HAL, na kazi yake ni kuiamsha na kujua ilipatwa na nini. Jawabu lake ndilo tulilolingoja miaka arubaini. Kompyuta ile iliundwa ili itoe habari kwa ukweli, bila ya kupotosha wala kuficha. Kisha wakubwa huko nyumbani wakaiamuru iwafiche wanaanga lengo la safari yao. Amri mbili hizo hazikuweza kukaa pamoja katika akili moja, na akili ikapasuka. Haikuwa mbaya tangu mwanzo, wala haikuharibika yenyewe. Iliagizwa uongo na watu ambao kwao wao uongo ni jambo jepesi.

Hapo mwanetu aliinuka akatoka nje.

Tulidhani amekwenda kunywa maji. Mama yake alikuwa mwepesi kutambua kuliko sisi. Aliisimamisha filamu, akatuambia kwa sauti ya chini, "Mfuate mwanao."

Tulimkuta amekaa barazani, uso kaufunika kwa mikono. Tulikaa kando yake. Yeye hakutuambia kwamba anafanana na mashine, wala sisi hatukumwambia. Baada ya kimya kirefu alisema, "Baba, dada alinipigia simu wiki mbili zilizopita. Aliniapiza kwa Mungu nimwambie kweli. Nikaapa kwamba mama hana kitu." Kisha akalia kwa namna ambayo hatujamsikia akilia tangu alipokuwa mdogo.

Wasomaji wetu, tumekaa juu ya mimbari miaka mingi. Tumewaonya watu juu ya kiapo cha uongo mara ambazo hatuwezi kuzihesabu. Na mtoto wetu wa miaka 14 alikula kiapo cha uongo kwa sababu sisi tulimwekea kifuani mzigo na kuuita amana. Tulimlea miaka yote aseme kweli, kisha tukamuamuru afiche, kisha tukamkemea kwa kuwa ameanza kuongopa. Tulimwomba msamaha pale pale barazani, wazi, kwa maneno yasiyo na maana mbili. Tukamwambia kwamba kiapo kile tumekibeba sisi pamoja naye, kwamba tutatubia pamoja, na kwamba amri yetu imeondoka tangu saa hiyo. Akauliza, "Na mtihani wake?" Tukamwambia hilo si lake kulibeba.

Tuliporudi ndani tuliimaliza filamu. Mwisho wake wanaanga wanalazimika kuondoka haraka karibu na Mshtarii, na ili waokoke hawana budi kuiacha HAL iangamie. Wote wanaogopa kuiambia, wakikumbuka yaliyopita. Lakini katika dakika za mwisho Chandra anaiambia kweli yote, kwamba ikibaki itaangamia. Nayo inakubali, inatimiza kazi yake, na inamshukuru kwa kuwa ameiambia ukweli. Kuna mengine katika filamu hiyo tusiyoyakubali, kama kuitia Mshtarii moto ikawa nyota kwa nguvu za viumbe wasiojulikana. Hayo tulimweleza mwanetu na yakaisha. La Chandra hatukuhitaji kulieleza.

Binti yetu alipofunga shule mwezi huo wa Agosti, tulimkalisha usiku ule ule wa kufika kwake, na mama yake akamwambia mwenyewe, akavua mtandio. Binti hakupiga kelele. Alisema, "Nilijua tangu Juni. Nilikuwa sijui ni nini tu, basi kila usiku nilikuwa nikifikiria jambo jingine, na kila moja baya kuliko jingine." Akageuka kwa ndugu yake, akamshika kichwa, akakiweka begani mwake. Sisi hakututazama kwa siku mbili. Siku ya tatu alitwambia, "Baba, mlitaka nisome. Sikusoma." Hatukuwa na la kujibu, na hatukutafuta kitabu cha kutujibia.

Hatusemi kwamba kila jambo huambiwa kila mtu. Mtoto mdogo huambiwa kwa kadiri ya umri wake, mgonjwa ana haki ya kusitiriwa asitangazwe, na siri ya nyumba haitolewi sokoni. Tunalosema ni kwamba kuna tofauti kati ya mzazi kunyamaza na mzazi kumtuma mtoto akaongope kwa niaba yake. Tunawatuma mara nyingi kuliko tunavyokumbuka. Mwenye deni anapobisha hodi: "Mwambie baba hayupo." Jirani anapokuja kuazima: "Mwambie sukari imekwisha." Mtoto huenda, husema, hurudi, nasi hatuoni kitu. Kwetu sisi limekwisha. Kwake yeye zimebaki amri mbili kifuani, na hajui aitii ipi.

Mama wa watoto wetu bado yumo katika matibabu, na daktari ametuambia tusubiri vipimo vya mwisho wa mwaka. Binti amerudi shule. Mtihani wake u mbele, na matokeo anayajua Mola. Kila Jumapili shule huwapa nafasi ya simu, naye huuliza habari za mama yake, akaambiwa kama zilivyo, nzuri au mbaya. Mwanetu amerudi katika juzuu yake ya nane. Bado hupotea hapa na pale, lakini sasa akipotea husimama na kusema, "Hapa nimesahau."

Mama wa watoto ametutaka tuongeze neno moja kwa akina mama na mabinti wanaosoma ukurasa huu. Yeye aliuona uvimbe ule mwezi wa Januari, akauficha mpaka Machi kwa haya na kwa kutotaka kutuhangaisha. Anawaambieni: msifanye alivyofanya. Mwenye kuona kisicho cha kawaida na aende akapimwe wiki hiyo hiyo, na amwambie mumewe, au mama yake, au dada yake.

Tumwombeeni dua, yeye na wagonjwa wetu wote. Mwenyezi Mungu awape shifaa, na azijaalie nyumba zetu kuwa ni mahali ambapo mtoto haogopi kusema kweli.

Wabillahi tawfiq.